Kidhibiti Kinachokula Majani

Kabla ya polisi kata kuletwa kwetu, sisi na polisi tulikuwa tunaelewana vizuri. Wao walikaa kituoni, sisi tulikaa nyumbani, na ukiwaona wanakuja unapita njia ya nyuma. Hakuna aliyemsumbua mwenzake bila sababu. Kisha wakubwa wakaona hali hiyo haifai, wakatuletea kijana mwenye nyota moja begani na pikipiki mpya, wakamwambia ajenge imani kati ya polisi na wananchi.

Alianza kwa kutembea nyumba kwa nyumba. Kata yetu iko juu ya Karatu, upande wa mashamba ya kahawa. Nyumba zimekaa mbali mbali kwenye miteremko ya udongo mwekundu, na pikipiki ikija vumbi lake linatangulia kutoa taarifa. Siku ya kwanza alizunguka kitongoji chetu chote akakuta kuku. Akina mama wanaopika pombe walikuwa wamekumbuka palizi ghafla. Waendesha bodaboda wasio na leseni, yaani wote, walikuwa wameingia kwenye kahawa. Aliyepatikana ni mzee mmoja wa Kiiraqw mwenye miguu mibovu, ambaye asingeweza kukimbia hata kama angetaka.

"Shikamoo mzee," polisi kata akasema.

Mzee akaangalia kofia yake, akaangalia viatu vyake. "Mchango wa madarasa nilishatoa."

"Sijaja kwa mchango, mzee wangu. Nimekuja kukusalimia tu."

"Na wa maabara nilishatoa."

Niliyasikia haya kwa sababu nilikuwa nyuma ya zizi la huyo mzee nimechuchumaa. Sikuwa na kosa lolote. Nilijificha kwa desturi.

Baada ya hapo akaitisha mkutano wa kijiji. Watu walikuja, kwa kuwa mwenyekiti alitangaza kwamba kutakuwa na fulana. Fulana zilikuwepo kweli, nyeupe, zimeandikwa kifuani POLISI NI RAFIKI YAKO. Polisi kata akasimama mbele akatuuliza kwa upole, kama mwalimu mgeni, "Ndugu zangu, mnaogopa nini polisi?"

Mtoto mmoja akalia, mama yake akamziba mdomo.

"Semeni tu. Hakuna atakayekamatwa."

Hapo ndipo watu walipoogopa zaidi. Mwishowe kapteni wa timu yetu ya mpira akanyoosha mkono. Huyu ni mwendesha bodaboda mrefu ambaye tangu tuko darasa la kwanza hajawahi kukosa la kusema. Akasema, "Afande, hatuwaogopi. Tunawaheshimu kwa mbali."

Watu wakacheka. Polisi kata naye akacheka, halafu akaacha kucheka akatuambia jambo lililomfanya aonekane ana machungu kweli. Alisema kule alikotoka aliwahi kukuta kijana amechomwa moto na majirani zake kwa sababu ya kuku, na baadaye kuku akaonekana. Akatuomba, si kutuamuru, kwamba tukimkamata mwizi tusimguse. Tumpeleke kituoni, sheria ifanye kazi yake. Tukaitikia "sawa afande" kwa sauti moja, kama tunavyoitikia kila kitu, tukaenda kupanga foleni ya fulana.

Sasa niseme kuhusu mbuzi wa mama.

Mama yangu alitoka Singida akiwa msichana kuja kuchuma kahawa kwenye shamba la mtu mkubwa. Alikuja na baba, ila baba alirudi Singida kuangalia viwanja vya ukoo na mpaka leo bado anaviangalia. Kahawa ni ya mwenye shamba, na nyumba yetu tunaishindania na mvua kila masika. Mali ya mama iliyo yake kabisa ilikuwa mbuzi jike mmoja mweusi mwenye doa jeupe ubavuni, sikio la kushoto limepasuliwa kidogo ili ajulikane. Alikuwa amezaa karibuni na ana maziwa mengi. Mama alimsemesha kuliko alivyonisemesha mimi, na kwa haki, maana mbuzi alikuwa akijibu.

Asubuhi moja ya ukungu tukakuta zizi wazi na mwanambuzi amesimama peke yake analia.

Wakati sisi tunapiga yowe huku juu, kule chini kijiweni kapteni na wenzake walikuwa wanasubiri abiria. Ikapita pikipiki yenye watu watatu. Aliyekaa katikati alikuwa amevaa sweta na kofia ya sufu iliyovutwa mpaka machoni, jambo la kawaida kwetu wakati wa baridi. Kapteni akampungia mkono kama anavyompungia kila mtu, akasema, "Vipi mshikaji, baridi eh?"

Mshikaji akajibu, "Meee."

Walimfukuza mpaka kwenye daraja. Dereva akaruka korongoni akapotea. Yule wa nyuma alibaki amemkumbatia mbuzi, pengine kwa sababu alikuwa amemzoea. Alikuwa kijana wa kijiji jirani ambaye tumewahi kucheza naye mpira. Mawe yalishaokotwa. Mtu mmoja alishafungua kifuniko cha tangi la mafuta. Hapo kapteni akanyoosha mikono akasema, "Oya, oya! Tulimwambia afande sawa. Tulisema sawa au hatukusema?"

Wakabishana, lakini tulikuwa tumesema. Basi wakampeleka kituoni mwizi akiwa mzima, na mbuzi akiwa na sweta lake. Nadhani katika historia ya kata yetu hilo halijawahi kutokea, kwa sababu askari aliyekuwa zamu alipoona kundi zima linaingia getini alifunga mlango kwa ndani.

Mkuu wa kituo akatoka. Ni mtu mzima mwenye tumbo la heshima na sauti ya kutosha watu wawili. Aliposikia habari akawapa mkono wote. "Vijana, mmefanya vizuri sana! Huu ndio ulinzi shirikishi. Hivi ndivyo tunavyotaka."

Mama na mimi tulifika tukihema. Mama alikuwa hana viatu. Akawashukuru vijana mmoja mmoja, akamvua mbuzi kofia, akashika kamba.

"Mama, taratibu," mkuu wa kituo akasema. "Huyo si mbuzi tena."

"Ni nani?"

"Ni kidhibiti."

Mama akamtazama mbuzi. Mbuzi naye alikuwa anamtazama mama, hana habari kwamba amepandishwa cheo.

"Atatakiwa mahakamani," mkuu wa kituo akaeleza. "Hakimu lazima amwone. Kesi ikiisha utamchukua."

"Kesi itaisha lini, afande?"

"Hiyo ni kazi ya mahakama."

"Si mumpige picha? Hawa vijana wote wana simu."

"Mama, picha inaweza kuwa ya mbuzi yeyote. Sheria ina macho."

Polisi kata alikuwa amesimama mlangoni. Alimnong'oneza mkuu wake kitu, na mkuu akamjibu bila kunong'ona, "Wewe endelea na fulana zako." Tulipokuwa tunatoka kapteni alitembea pembeni ya mama akiwa ameinamisha kichwa.

"Tusamehe mama," akasema. "Tulifuata sheria."

Mbuzi akafungwa nyuma ya kituo, kwenye nguzo ya zamani ya bendera. Wiki ya kwanza mama alipokwenda kumwona alimkuta amekula maua ya mkuu wa kituo na anakaripiwa. Akaambiwa kituo hakina bajeti ya kulisha vidhibiti, na kama anampenda mbuzi wake alete majani. Basi mama akawa anatoka shambani kuchuma kahawa, anakata majani, anashuka nayo kichwani mpaka kituoni kumlisha mbuzi wa serikali, halafu anapanda mlima kuja kumnywesha mwanambuzi uji kwa chupa ya soda. Mwizi alishatoka kwa dhamana siku nyingi. Tulikuwa tunapishana naye njiani. "Shikamoo mama," anasema, anapita. Mbuzi ndiye aliyebaki ndani.

Na maziwa? Mama aliuliza siku moja, kwa adabu. Askari aliyekuwa zamu alikuwa na kikombe mkononi, akakiweka nyuma ya mgongo. "Mama, asipokamuliwa ataugua chuchu. Tunamsaidia."

Mama aliniambia usiku tukila, "Mwizi aliiba mbuzi. Hakuiba na majani."

Kijiweni watu walipata la kusema. Kila kitu kikipotea wanaambiana, "Usiripoti, kitageuka kidhibiti." Jirani mmoja alipoibiwa redio alimkuta mwizi, wakakaa, wakazungumza, wakanunuliana soda. Polisi kata aliendelea kupita na pikipiki yake, akisalimia shikamoo kila mtu mzima. Akifika kwetu anapunguza mwendo, anamwona mama, anaongeza mwendo.

Kisha likaja bonanza.

Lilitangazwa kwa kipaza sauti: bonanza la michezo kati ya polisi na jamii, kujenga ujirani mwema, mgeni rasmi kutoka wilayani, mshindi wa mpira wa miguu kuondoka na mbuzi mnono. Kapteni akatuita mazoezini. Mimi ni golikipa. Nilipewa nafasi hiyo kwa sababu ni mrefu na sipendi kuongea, na golini unaweza kukaa mechi nzima bila mtu kukuuliza kitu. Tulikubaliana tukishinda tunachinja palepale, supu jioni.

Siku yenyewe uwanja wa shule ulijaa. Polisi walikuwa na jezi za bluu zenye kung'aa. Sisi tulivaa fulana zetu zilezile, kwa hiyo watu kumi na moja waliingia kucheza dhidi ya polisi wakiwa wameandikwa kifuani POLISI NI RAFIKI YAKO. Mwamuzi alikuwa mwalimu wa shule yetu, mtu wa haki sana darasani, ila pikipiki yake haina bima na kila askari pale analijua hilo.

Mgeni rasmi akaketi chini ya turubai. Kabla ya mechi ikaletwa zawadi, imeogeshwa, imefungwa utepe mwekundu shingoni. Mgeni rasmi akasimama kupiga nayo picha, mkono mmoja juu ya mgongo wa mbuzi. Mbuzi mweusi. Doa jeupe ubavuni. Sikio la kushoto limepasuliwa.

Mama alikuwa anapita pembeni ya uwanja na mzigo wa majani kichwani, anaelekea kituoni. Mbuzi akamwona kabla mama hajamwona. Akalia, akavuta, mgeni rasmi akayumba.

Mama alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye turubai na mzigo wake kichwani. Mimi nilikuwa golini, nikawafuata wenzangu waliokuwa wanakimbilia kule.

"Huyu ni mbuzi wangu," mama akasema.

"Mama, hapa si mahali pa kesi," mkuu wa kituo akasema, akitabasamu upande wa mgeni rasmi.

"Huyu ndiye kidhibiti. Mliniambia hatoki mpaka hakimu amwone. Huyu ndiye hakimu?" Akamwonyesha mgeni rasmi kwa kidevu.

Watu wakacheka. Mgeni rasmi hakucheka kwa sababu hakujua kama inaruhusiwa. Akauliza, "Mkuu, kuna nini?"

"Ni mambo madogo ya kiutaratibu, mheshimiwa. Mama amechanganyikiwa na jua."

Polisi kata alikuwa ameshavaa jezi. Alimwangalia mbuzi, akaangalia sikio, kisha akamwangalia mkuu wake kama mtoto aliyekuta baba yake kwenye kilabu cha pombe. "Afande," akasema taratibu, "uliniambia mbuzi amenunuliwa."

"Nilikuambia mbuzi yupo. Hayupo?"

Baadaye tulijua kwamba hela ya mbuzi ilikuwa imeishia kwenye jezi za bluu. Wakati ule tuliona tu watu wazima wanne wamesimama kumzunguka mbuzi, hawajui la kufanya. Kumrudishia mama haikuwezekana, kwani hakuna amri ya mahakama. Kumrudisha nguzoni haikuwezekana, kwani mgeni rasmi alishapigwa naye picha. Mkuu wa kituo akapata ufumbuzi. "Mashindano yaendelee," akasema. "Mshindi ndiye atakayekuwa na mbuzi. Mengine tutayazungumza ofisini."

Kwa hiyo hali ikawa hivi: njia pekee iliyobaki ya mama kurudishiwa mali yake na polisi ilikuwa sisi kuwafunga polisi.

Mama hakwenda popote. Alitua majani nyuma ya goli langu, akasimama hapo.

Sijawahi kucheza mechi ngumu kama ile. Polisi walicheza kama watu waliokwisha kununua ndizi za supu. Koplo mmoja mwenye kifua kama pipa alikuwa akija na mpira, mabeki wetu wanampisha kwa heshima ya kawaida, kisha wanakumbuka. Na nyuma yangu mama alikuwa haishiwi maneno.

"Wewe! Mpira ule pale!"

"Nauona, mama."

"Unauona mbona umesimama?"

"Uko mbali, mama."

"Mbuzi naye alikuwa mbali!"

Kabla ya mapumziko koplo akajikwaa kwenye miguu yake mwenyewe ndani ya eneo letu. Mwalimu akamtazama mkuu wa kituo, akapuliza filimbi, akaonyesha penalti huku akiangalia chini. Koplo akapiga. Nilirukia upande sahihi, lakini mpira ulikuwa na nguvu za dola. Moja bila kwa polisi. Mbuzi akalia chini ya turubai.

Mapumziko kapteni hakutupa mbinu zozote. Alisema tu, "Machalii, yule mbuzi sisi ndio tuliompeleka kituoni. Kwa mikono yetu. Sasa tumtoe kwa miguu." Akasawazisha mwenyewe kipindi cha pili, kwa kichwa, akaanguka na nyavu.

Dakika za mwisho mpira ukawa unakwenda huku unarudi, vumbi limeficha nusu ya uwanja. Kapteni akaukamata katikati, akakimbia. Kati yake na goli alibaki mtu mmoja, polisi kata, beki wao mzuri kuliko wote, ambaye siku nzima hakuna aliyekuwa amempita. Kijana akamsogelea. Akainua mguu. Akateleza, akaanguka chali. Kapteni akapita, akafunga.

Hakukuwa na mvua kwetu kwa miezi. Uwanja ule ulikuwa mkavu kama unga wa dona. Mkuu wa kituo alisimama kutoka kwenye kiti chake akamwangalia kijana wake pale chini, na kijana akabaki amelala anatazama angani kama mtu anayehesabu mawingu.

Filimbi ya mwisho ilipolia, mgeni rasmi akashika kipaza sauti. Alisema leo tumejionea wenyewe kwamba polisi wa sasa si wale wa zamani, na mali ya mwananchi ikiibiwa hurudi mikononi mwa wananchi. Mkuu wa kituo akaongoza makofi. Kapteni akakabidhiwa kamba, tukapigwa picha, polisi na sisi, mabega kwa mabega. Mimi nimesimama pembeni, nimeangalia kando, nusu ya uso wangu imekatwa.

Magari yalipoondoka vijana wakaanza kunong'ona. "Kapteni, tulikubaliana supu." "Ni mbuzi wa timu sasa, si tumeshinda?" "Mama apewe paja." Nilitaka kusema kitu, nikafungua mdomo, nikajikuta nimeufunga. Mama alikuja akasimama mbele yao. Hakupandisha sauti.

"Anayetaka supu," akasema, "aje achukue kamba hii mkononi mwangu. Nikimwona tu sura nitajua nimwite mwizi au nimwite mheshimiwa."

Hakuna aliyekwenda. Kapteni akampa kamba, tena kwa mikono miwili. Tukapanda mlima, mama mbele na mbuzi, utepe mwekundu bado uko shingoni, mimi nyuma na mzigo wa majani. Kufika, mwanambuzi alipiga kichwa kiwele cha mama yake kwa nguvu mpaka mbuzi akasogea.

Ningependa hadithi iishie hapo. Lakini juma lililofuata tuliona vumbi linapanda. Mama akaingia ndani, akatoka na panga, akaanza kukwangua matope kwenye jembe ambalo halikuwa na matope.

Ilikuwa polisi kata. Alizima pikipiki mbali, akaja kwa miguu, akavua kofia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, kesi inatajwa kesho. Hakimu anataka kidhibiti." Alisema haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. "Bila mbuzi kesi inafutwa, na yule kijana ataondoka anacheka. Nimekuja kukuomba. Sijaja kuchukua. Naomba uniazime mbuzi asubuhi, jioni namrudisha mimi mwenyewe."

Mama aliendelea kukwangua. "Mkuu wako anajua umekuja kuomba?"

"Mkuu alisema nije na mgambo wawili."

"Mbona umekuja peke yako?"

Akageuzageuza kofia mkononi. Mama akaweka panga chini. Akamwangalia muda mrefu, akamwangalia na mbuzi.

"Weka rehani," akasema.

"Rehani?"

"Wewe unaondoka na mali yangu. Mimi nabaki na nini? Niachie pikipiki."

"Mama, pikipiki ni ya serikali."

"Kofia basi."

"Ya serikali."

"Viatu?"

Akaangalia viatu vyake. "Vya serikali, mama."

"Mwanangu, wewe huna chako hata kimoja?"

Kijana akafikiri kwelikweli. Niliona aibu kwa niaba yake. Kisha akasema, "Nina jogoo. Kule kota. Nilimnunua kwa hela yangu."

"Mlete."

Akaenda. Nilidhani harudi. Alirudi na jogoo mwekundu chini ya kwapa, akiendesha kwa mkono mmoja, kosa ambalo kapteni amewahi kulala mahabusu kwa ajili yake. Mama akamkagua jogoo mabawa, miguu na kisunzu, akamfunga mguu kwenye nguzo ya kihenge.

"Na mahindi yake utaleta," akasema. "Hapa hatuna bajeti."

Asubuhi polisi kata aliacha pikipiki kwetu, akaondoka na mbuzi kwa miguu. Alisema mbuzi hapandi pikipiki tena, inatosha mara moja. Tulimwona akishuka mteremko na sare yake, kamba mkononi, mbuzi anasimama kila kichaka na yeye anamsubiri. Magari ya watalii yanayokwenda Ngorongoro yalipunguza mwendo, waliomo wakampiga picha. Hakuna mtalii aliyejua anapiga picha ya nini, lakini hata sisi hatukuwa na hakika.

Mchana ulikuwa mrefu. Mama alichambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa. Jua lilipoanza kuelekea mlima Oldeani alibeba kigoda akakiweka mahali panapoonekana njia, akasema ndani kuna moshi. Kapteni akapita na bodaboda, akamwona jogoo, akapiga honi.

"Mama, hajarudi? Mchinje huyo! Mimi naleta chumvi!"

"Nenda zako, mshenzi wewe," mama akasema, lakini aliangalia jogoo.

Mimi nilimsikiliza mwanambuzi akilia na nikajisemea kwamba tumeibiwa mara ya tatu, na safari hii tumemtoa mbuzi wetu kwa hiari. Nilikuwa ninatafuta namna ya kumwambia mama pole bila kumwangalia usoni.

Giza lilikuwa linakaribia tuliposikia kikohozi njiani. Polisi kata alitokea kwenye kona na mbuzi mabegani, amemshika miguu kama wachungaji wa Loliondo wanavyobeba ndama. Suruali yake ya serikali ilikuwa nyekundu kwa vumbi mpaka magotini. Akamtua mbele ya mama.

"Alichoka," akasema. "Hakutaka kupanda mlima."

"Na kesi?"

"Imeahirishwa. Hakimu yuko likizo."

Mama akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu asubuhi ile ya ukungu. Alicheka mpaka akashika ubavu, na polisi kata akasimama pale hajui kama anachekwa yeye au hakimu au serikali yote. Kisha mama akaniambia niende nikamfungue jogoo nimpe mwenyewe.

Nikamfungua. Polisi kata hakumpokea.

"Mwache tu akae, mama," akasema. "Wiki ijayo si nitakuja tena kuazima."

Mama alimkaribisha ndani, akatoa ugali na mlenda, akampa maji ya kunawa. Kijana akakaa kwenye kigoda chetu kifupi, magoti yamefika kidevuni, akala kama mtu ambaye hajala tangu alfajiri, na nadhani alikuwa hajala. Mlango ulikuwa wazi. Pikipiki ya polisi ilikuwa imesimama uani, na kwa kitongoji chetu hiyo ni habari. Mama jirani akaja polepole mpaka kwenye ua, akanyoosha shingo, akauliza kwa sauti ya chini ya msibani,

"Jirani, pole. Wamemkamata nani?"

"Hawajamkamata mtu," mama akajibu, akimwongezea mlenda. "Anakula."

Jirani akasimama hapo kidogo, akasubiri kusikia kilichobaki.